Makadirio ya Fundi Cheche

Baba yangu hajawahi kuomba apunguziwe bei tangu azaliwe. Sisemi hivyo kumsifu. Ukimwambia kiatu ni kiasi fulani, atatoa kiasi hicho hicho, au atasema asante na kwenda zake, na muuza viatu atabaki amekodoa macho na kiatu mkononi, maana yeye alikuwa hata hajaanza. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mazao mpaka alipostaafu. Miaka yote hiyo watu walimlilia, wakambembeleza, wakamletea salamu za mama zao, ili gunia liongezewe kilo moja tu. Hakuongeza. Mizani ikishasema imesema, ndiyo kauli yake, na kwake yeye bei ya mtu ni mizani. Kumwambia mtu apunguze ni kumwita mwongo usoni.

Mama ndiye aliyekuwa mnunuzi wa nyumba. Kitanda, mabati, sare zetu za shule, hata suti ya Baba ya kustaafia, vyote vilipita kwenye mdomo wake kwanza. Wakienda sokoni pamoja, Baba alisimama mbali, kwa wauza mifuniko ya sufuria, akiangalia mawingu kama mtu aliyepotea njia, huku Mama akimwambia muuzaji, "Mwanangu, hiyo bei umeambiwa au umeiota?" Mimi nimerithi mdomo huo, na ndio unaonilisha. Nauza mitumba, na sokoni wananiita Chiriku. Nimerithi na hasira, sijui kutoka kwa nani, maana wazazi wangu wote wawili ni watu wapole. Nalisema mapema ili nikipandisha sauti huko mbele usishtuke.

Basi, mapafu ya Mama yakachoka. Alikuwa mpishi wa shule, na zile sufuria kubwa za shule hupikiwa kwa kuni, ndani ya kibanda chenye kidirisha kimoja. Daktari alipoziangalia picha za kifua akauliza kama mgonjwa anavuta sigara. Mama akacheka mpaka akakosa pumzi. Wakamweka wodini siku nyingi, halafu wakatuambia anaweza kurudi nyumbani kwa sharti moja tu: alale na mashine ya oksijeni, mrija puani, usiku na mchana. Ikizimika kwa muda mfupi, upo mtungi mdogo wa akiba. Ikizimika kwa muda mrefu, mjiandae.

Mama naye alikuwa na sharti lake. Alitukusanya pale kitandani wodini, mimi na Baba, na mdogo wake ambaye tunamwita mama mdogo, akasema polepole, neno moja moja, "Hospitali nimeshaizoea na imeshanizoea. Nitakufa, hilo halina ubishi. Lakini nifie kwangu. Nifie nikimsikia huyu mzee akikohoa sebuleni."

"Mimi sikohoi," Baba akasema.

"Unakohoa."

Sote tukaahidi. Mimi niliahidi kwa sauti kubwa kuliko wote, kama kawaida yangu. Tukamrudisha nyumbani na mashine yake.

Umeme wa mtaani kwetu, lakini, hauna ahadi. Unakatika ukipika, unakatika ukipiga pasi, unakatika hata mvua ikifikiria kunyesha. Kaka yangu anaishi mbali na anapenda kusikika, kwa hiyo akatutumia jenereta. Wala halikuwa jenereta la mtu mwenye mashine moja ya kuwasha. Lilikuwa dude jekundu la kuwashia nyumba nzima, lina magurudumu na mpini, na majirani walikuja kuliangalia kama wanavyoangalia gari jipya. Akapiga simu kupokea shukrani. Nikamuuliza, "Na mafuta?" Akasema, "Jenereta nimetoa mimi, mafuta gawaneni nyinyi mlio karibu." Tukagombana hapo hapo, na Baba akaninyang'anya simu.

"Kwanza tujue linakula kiasi gani," Baba akasema. "Hatuwezi kugombania kitu ambacho hatujakipima."

Fundi wa majenereta mtaani kwetu ni mmoja, Fundi Cheche. Ni mtu mwembamba, mcheshi, ana mikono isiyotoka oili hata siku ya sherehe. Aliitwa nikiwa nimefuata mzigo wangu wa mitumba mji mwingine. Yaliyotokea siku ile nimehadithiwa na Baba, na Baba huwa haongezi wala hapunguzi, kwa hiyo ni kama nilikuwepo.

Cheche alilizunguka jenereta, akaligonga tumboni kwa kidole, akafungua tangi akachungulia, akaliwasha, akalisikiliza, akalizima. Baba akamwambia ni la kuwashia mashine moja ya mgonjwa. Cheche akaingia ndani akahesabu taa na soketi. Akauliza friji ni ya aina gani. Akauliza kama kuna pasi. Baba akajibu kila swali kama mtu aliye mahakamani, hata pasi akaenda kuileta ionekane. Cheche akakaa kwenye kochi, akafumba jicho moja, akaanza kukisia: lita moja na nusu kwa saa, mara saa za kukatika kwa umeme, mara siku za mwezi, weka oili, maana oili ya mashine hizi lazima ibadilishwe, weka plagi, weka chujio, weka mkono wa fundi. Akataja jumla. Halafu akajiegemeza nyuma, akasubiri.

Baba akasema, "Nimeelewa. Asante sana, fundi." Akamlipa nauli yake na kumsindikiza mpaka getini.

Mama alikuwa chumbani na mlango uko wazi. Kwa kuwa kuongea kulikuwa kunamchosha, alikuwa na kijiko, na akitaka mtu anagonga chuma cha kitanda. Baba aliniambia kwamba siku ile aligonga sana. Alipoingia, Mama alimwonyesha mlango kwa kidole, akasema, "Mwite." Baba akamwambia asijichoshe, mambo yote ameshayashika. Mama akagonga tena. Baba akamfunika shuka vizuri, akidhani anasikia baridi.

Niliporudi na kuambiwa ile jumla, nilishika kichwa. Ilikuwa pensheni yote ya Baba, na juu yake karibu yote ninayoingiza mimi mwezi ukiwa mzuri. Nikamuuliza, "Ulipatana naye?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Tupatane nini? Mafuta hayapatanwi. Bei yake imeandikwa kwenye pampu. Injini inakunywa inachokunywa."

Hapo alikuwa sahihi. Mimi najua kumshusha mtu kwenye sketi na koti. Kwenye petroli utamshusha nani? Nikaingia chumbani kwa Mama, akanishika mkono, akataka kusema kitu, kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia alikuwa amechoka, akalala. Nikatoka nikaenda kumpigia kaka simu na kumwambia maneno yasiyofaa.

Kaka alisema ana ada za watoto. Mimi nilisema nitauza cherehani. Baba alikaa na ile jumla ya Fundi Cheche kichwani, akaigeuza huku na huku, na kila alivyoigeuza ilikuwa vile vile. Tungeweza kulipa mwezi mmoja. Wa pili tungekopa. Wa tatu mashine ingezimika huku tunaiangalia. Siku moja asubuhi akanywa chai yake, akaosha kikombe, akasema, "Atakwenda kwa mdogo wake."

Mama mdogo anaishi mjini karibu na hospitali kubwa, na kwa sababu nyumba yake imeunganishwa kwenye laini moja na hospitali, umeme wake haukatiki. Ana vyumba viwili tu. Mama angelala kimoja, na mama mdogo na wajukuu wake kingine. Baba asingepata pa kulala, labda sebuleni kwa shemeji yake, na mzee wa watu angekufa kwa aibu kabla ya mgonjwa. Angekuwa anakwenda kila Jumamosi na kurudi jioni.

Nililipuka. Nilimwambia Baba kwamba ana mkono wa birika, kwamba anampeleka Mama kama mzigo uliokosa mnunuzi, kwamba tuliahidi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Chiriku, nikimweka hapa nitamuua. Unataka nimuue kwa sababu niliahidi?" Nililia jikoni, na nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na Mama kwa kuugua.

Mama hakubisha. Siku ya kuondoka alikaa kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi, mtungi wa akiba miguuni, mrija puani, amevaa kitenge chake cha kutokea. Baba alibeba ile mashine mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaiweka kiti cha nyuma na kuifunga mkanda. Halafu akaja dirishani akasimama. Hawa ni watu ambao hawajawahi kuagana, kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda popote.

"Sasa wewe," Mama akamwambia, akipumzika kila baada ya neno, "nani atakununulia vitu? Watakuuzia nyanya... kwa bei ya watalii."

"Nitakula bila nyanya," Baba akasema.

Mama akacheka kidogo. Alinyoosha mkono akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, na mkono ukabaki pale shingoni muda mrefu kuliko kifungo kinavyohitaji. Dereva akaangalia pembeni. Mimi nilikuwa nyuma na mashine, naiangalia nyumba yetu ikirudi nyuma, na Baba amesimama getini mikono imening'inia, na nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Kwa mama mdogo umeme haukukatika hata mara moja. Nataka haki itendeke, kwa hiyo nalisema. Mama alioshwa, alilishwa, aligeuzwa, aliimbiwa na wale wajukuu mpaka akawaomba wanyamaze. Kila Jumamosi Baba alifika na nyanya, nyanya mbaya mbaya alizouziwa ghali, na Mama alizitazama moja moja na kutikisa kichwa. Siku nyingine walipigiana simu. Mama mdogo aliniambia ilikuwa vituko: anamwekea Mama simu sikioni, na hakuna anayesema. Huku mashine inapumua, kule Baba anakohoa. Wanakaa hivyo mpaka salio linaisha.

Simu ya mama mdogo ilinikuta sokoni. Haikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeshika gauni, mteja anataka nimpunguzie, nikampa bure na sikumbuki sura yake.

Mama mdogo alisema Mama alikuwa ametulia tangu alfajiri. Kisha akamwambia, "Nenda kafunge mlango wa nyuma, kuku wanaingia." Nyumba ya mama mdogo ina mlango mmoja tu, na kuku hana. Mama mdogo akainuka, akatoka nje ya chumba, akasimama kidogo kwenye korido, akarudi, akasema, "Nimeufunga, dada." Mama akasema vizuri. Alidhani yuko kwake. Nimejaribu kujifariji na hilo mara nyingi, na wakati mwingine linafariji.

Tukamrudisha nyumbani kumzika. Asubuhi ya mazishi, bila shaka, umeme ukakatika. Kaka alikuwa ameshafika, amevaa miwani nyeusi, akasema basi si jenereta lipo? Lilikuwepo, nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai, jipya kabisa. Fundi Cheche alikuja mwenyewe bila kuitwa, kama jirani. Alinipa pole na machozi yanamtoka. Akavuta turubai, akaliwasha, akaunganisha spika, friji ya maji ya kunywa, na taa za jikoni walikokuwa wanapika, maana kule ndani ni giza hata mchana.

Mafuta aliweka Baba. Alikuwa amenunua dumu la lita kumi siku iliyotangulia, akayamimina yote bila kumwaga tone, kisha akaangalia saa yake. "Litawaka kwa saa sita na ushee," akaniambia. "Tukirudi kutoka makaburini litakuwa linazimika." Hata siku ile alikuwa anapima. Nilidhani ni huzuni, kwamba mtu hushika anachokijua.

Tukaenda tukazika. Sitaeleza, kila mtu ameshazika. Tuliporudi uani, jenereta lilikuwa linanguruma. Watu wakanawa, wakala. Lilikuwa linanguruma. Baba alikaa kwenye kiti chini ya turubai la msiba, watu wanakuja kumshika mkono, naye anaitikia, lakini niliona hasikilizi maneno yao. Anaangalia saa. Anageuza shingo kuelekea nyuma ya nyumba. Anaangalia saa tena. Ule uso niliufahamu tangu utotoni, uso wake mizani inapoonyesha kitu kisichoeleweka.

Jua lilipoanza kulegea akainuka. Nikamfuata, nikidhani anakwenda kulia peke yake na sikutaka awe peke yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye jenereta. Akaokota kijiti, akafungua kifuniko cha tangi mashine ikiwa inawaka, kitu ambacho hakiruhusiwi na yeye ndiye wa kwanza kukukataza, akakitumbukiza kijiti na kukitoa. Kilikuwa kimelowa vizuri, karibu nusu.

"Nani ameongeza mafuta?" akauliza.

Nikasema sijui. Akamwita kaka. Kaka akasema hajaongeza, na kwani kuna shida gani, si afadhali? Baba akasema, "Niitie fundi."

Cheche akaja anajifuta mikono. Baba hakuwa amekasirika. Natamani angekasirika.

"Fundi, uliniambia lita moja na nusu kwa saa."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeweka lita kumi asubuhi. Sasa ni jioni."

Cheche akacheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mfiwa. "Mzee, lina spika na friji na taa mbili. Hilo si mzigo kwa dude kama hili. Limekaa tu, linapiga miayo. Lita moja na nusu nilikupigia kwa mzigo kamili, nyumba nzima, na pasi, na pampu, na umeme uwe umekatika kutwa nzima."

"Nilikwambia ni mashine moja."

"Kila mtu husema ni kitu kimoja, mzee. Wiki haijaisha wameunga friji na pasi, na jirani amerusha waya juu ya ukuta, na mafuta yakiisha wanasema fundi ametudanganya. Kwa hiyo mimi huwapigia kila kitu. Halafu mteja anasema, fundi, umezidisha, toa pasi, toa pampu, punguza saa, tunashuka wote mpaka tunafika pale panapostahili. Ndivyo tunavyofanya kazi." Akaona uso wa Baba haujabadilika, akapunguza sauti. "Wewe hukusema kitu. Nikajua mwanao wa mbali ndiye analipa. Mzee, ile ilikuwa ya kuanzia tu."

"Ya kuanzia nini?" Baba akauliza.

Hakuwa anamsuta. Alikuwa anauliza kweli, mzee wa umri ule, kama mtoto anayetaka kuelewa. Mimi ndipo nikaelewa kijiko cha Mama, ule ugongaji wote. Alikuwa amesikia bei kutoka kitandani. Alijua pale pale kwamba mchezo haujachezwa. Alikuwa anaomba aitiwe fundi amshushe, na pumzi ya kulisema hilo hakuwa nayo.

"Mashine ya mke wangu peke yake," Baba akasema. "Kwa umeme wetu unavyokatika. Ingekula kiasi gani kwa mwezi?"

Cheche akanitazama. Nilimtolea macho. Sijawahi kumwomba mtu uongo kwa macho kama nilivyomwomba siku ile. Lakini mtu akiulizwa jambo la kazi yake hujibu kabla hajafikiri, na yeye akajibu, "Theluthi ya ile. Labda hata chini kidogo."

Midomo ya Baba ikaanza kucheza. Anapiga hesabu kichwani, kama alivyokuwa anajumlisha magunia. Nikasema, "Baba, acha." Hakuacha. Alifika mwisho, nilimwona anafika.

"Pensheni ingetosha," akasema. "Ingetosha na kubaki."

Hapo ndipo nilipomrukia Fundi Cheche. Nilimkamata shati kifuani, nikamwita muuaji, nikamwita majina mengine ambayo sokoni hunitozesha faini, mbele ya wafiwa, mbele ya mama mdogo aliyekuja mbio kunivuta. Cheche hakujitetea wala hakuondoa mikono yangu. Alikuwa analia, na alikuwa anasema, "Sikujua, dada yangu, sikujua," na hasira yangu ilizidi kwa sababu alikuwa anasema kweli.

"Mwache," Baba akasema. "Hakudanganya. Mimi ndiye sikumwuliza."

Nikamwachia. Mama mdogo akamshika Cheche bega, akaenda naye upande wa mbele. Kaka, ambaye alikuwa amesimama pale na miwani yake mkononi, akatafuta la kufanya, akanyoosha mkono kwenye swichi. "Basi tulizime," akasema. "Watu wenyewe wanaondoka."

"Usiguse," Baba akasema.

Akaingia ndani. Tukadhani amekwenda kulala. Alitoka amebeba mashine ya Mama, ile ile, iliyorudi na msafara ikiwa imefungwa kwenye shuka. Aliiweka chini taratibu karibu na ukuta. Akachomoa waya wa spika, na huko mbele sauti ya mtu aliyekuwa akitoa shukrani kwa niaba ya familia ikakatika katikati. Akachomoa friji. Akachomoa taa za jikoni, na wanawake wakapiga kelele kidogo. Kisha akachomeka mashine. Ikalia mlio wake mmoja wa kuanzia, ikaanza kupumua, na kwenye ncha ya mrija hewa ikaanza kutoka.

"Baba," kaka akasema. "Unafanya nini?"

"Nataka nijue."

"Ujue nini? Fundi ameshakwambia."

"Fundi alikisia." Akavuta kreti tupu la soda, akaligeuza, akakaa juu yake kulitazama jenereta. "Hakuna aliyepima."

Kaka akaniangalia nimsaidie. Sikuwa na msaada. Wageni walianza kuja mmoja mmoja kuaga, wanasema mzee jikaze, mzee Mungu yupo, naye anawapa mkono bila kugeuka, jicho liko kwenye tangi na kwenye saa yake. Wengine walidhani akili imemruka. Akili yake ilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Mama mdogo alimletea chai, ikapoa pale chini.

Nikakaa ardhini pembeni yake. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilimwamini Cheche, kwamba hata Mama angebaki hapa angekufa, mapafu yalikuwa yamekwisha, daktari alisema. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalofaa, maana Mama hakuomba asife. Aliomba kitu kidogo zaidi, na kitu hicho kiliwezekana, kila mwezi, kwa pensheni ya karani wa mizani, na chenji inabaki. Nikauokota ule mrija uliokuwa umeanguka mchangani. Ulikuwa unapuliza hewa baridi kwenye kiganja changu.

Giza likaingia. Baba hakuinuka, jenereta halikubadilisha sauti. Nilianza kumwomba Mungu mafuta yaishe. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuombea kitu chochote, hata uhai wa Mama. Niliomba yaishe sasa hivi, au jenereta likwame, au life kabisa, ili angalau hesabu ya Baba isiwe mbaya kiasi hiki. Halikuzima.